Gari la zamani linapotetemeka ukipita 80: tafuta kinachozunguka kabla ya kununua spea

Ukishapita Boma Ng'ombe kuelekea njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), barabara inanyooka, nyumba zinapungua na mguu wenyewe unaanza kukanyaga mafuta. Hapo ndipo Toyota Mark II yangu ilipokuwa ikionyesha ugonjwa wake. Kwenye 80 imetulia. Ikifika 90 usukani unaanza kucheza mikononi, kwenye 100 kioo cha kati kinatetemeka hadi huoni sawasawa gari lililo nyuma, na kwenye 115 hali inapoa kidogo.

Nilizunguka na tatizo hilo miezi minne. Gereji ya kwanza, Arusha, walibadilisha shokapu za mbele. Ya pili walibadilisha tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu) na bushi (raba za maungio) za mikono ya chini. Siwezi kusema vitu hivyo vilikuwa vizima, gari ni la mwaka 2001. Lakini mtetemo ulinisubiri palepale, kwenye 90, siku ileile niliyotoka gereji. Mwishowe shemeji yangu akanipeleka Pasua, Moshi, kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi lakini bado watu wanamfuata nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Linatetemeka lini?"

Nikamweleza, pamoja na orodha ya spea nilizonunua. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Shokapu inazunguka?"

"Hapana."

"Na bushi je?"

Tangu siku hiyo sijatazama mtetemo wa gari kwa namna nyingine. Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani na kuondoka kwa mwendo fulani unaanzishwa na kitu kinachozunguka: tairi, rimu, diski, habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu), drafti shafti (inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu), propela (bomba refu linalopeleka nguvu nyuma), injini. Shokapu iliyochoka, bushi iliyolegea au boljoint (kiungo chenye kichwa cha duara) iliyokufa haizunguki. Kazi yake ni kuzuia mtetemo, na ikichoka inauacha upite mpaka mikononi mwako. Ndiyo maana gari jipya linaweza kuficha gramu 15 zilizozidi upande mmoja wa gurudumu, na la miaka ishirini likazipigia kelele. Vyote virekebishwe, ila chanzo kitangulie.

Mitetemo miwili isiyosubiri

Kabla ya jaribio lolote, hakikisha gari lako si la kuegeshwa.

Mtetemo ulioanza ghafla, siku moja au mbili baada ya magurudumu kufunguliwa na kufungwa, ni wa kusimama papo hapo. Toa wili spana, kagua nati zote. Nati zilizolegea zinatanua matundu ya rimu na kukata bolti, na gurudumu linaweza kuondoka gari likiwa kwenye mwendo.

Mwingine ni ule unaoanzia chini kabisa, 30 au 40. Gari linanesa kama linapita juu ya nundu laini inayojirudia, na kila siku hali inazidi. Hapo mara nyingi nyuzi za ndani ya tairi zimeachana na mpira. Gari likiwa limesimama, pitisha kiganja polepole juu ya tairi lote, usoni na ubavuni, upande wa ndani pia. Ukikuta kivimbe, tairi hilo halipigwi balansi (kusawazishwa uzito kwa mashine) wala halihamishiwi nyuma. Linatupwa. Ukiwa hapo, soma umri wake: mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi za mtumba husuguliwa na kupakwa dawa mpaka zinang'aa, lakini tarakimu hizo hazisafishwi. Nawaomba wanaonunua tairi hizo wazisome kabla ya kutoa pesa.

Safari ya kusikiliza

Ondoka mapema, Jumapili asubuhi ikiwezekana, upepo wa tairi ukiwa umepimwa zikiwa baridi. Kwenye magari yaliyotoka Japani kibandiko cha upepo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na namba zimeandikwa kwa kipimo cha kPa: 220 ni sawa na 32 (psi) ya mashine zetu. Chukua mtu wa kuandika, kwa sababu dereva macho yake ni ya barabarani. Jaribio lifanyike palipo wazi, mbali na vijiji na vibao vya 50, si Kikatiti wala Maji ya Chai penye watoto na bodaboda.

Panda mwendo polepole, kilomita tano tano, ukiandika mtetemo unaanzia wapi, unakolea wapi na unapoa wapi. Andika pia unausikia wapi mwilini. Ukija kwenye usukani, elekeza macho mbele ya gari. Ukija kwenye kiti na sakafuni huku usukani umetulia, fikiria magurudumu ya nyuma, au propela kama gari linasukumwa kwa nyuma.

Ukiwa kwenye mwendo unaotetemeka, achia mafuta bila kukanyaga breki. Kisha, sehemu iliyo tambarare na tupu tu, weka gia kwenye N kwa sekunde chache, injini ikiendelea kuwaka. Usizime injini hata kidogo, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Mtetemo ukibaki vilevile hata injini ikiwa imeshuka chini, injini haihusiki. Ukipotea mara tu unapoachia mafuta, uko kwenye drafti shafti au mauntingi (raba zinazoshikilia injini).

Sisi wa huku tuna kipimo cha bure ambacho watu wengi hawakitumii. Uwanja wa KIA uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini ni karibu 1,400. Kwa hiyo kutoka njia panda ya KIA kwenda Usa River na Tengeru gari linapanda, hata kama macho hayaoni mlima, na injini inavuta muda wote. Kurudi linashuka na mguu unakuwa mwepesi. Gari linalotetemeka kwenda Arusha na kutulia kurudi Moshi, kwa mwendo uleule, linakueleza kwamba shida iko kwenye sehemu zinazobeba nguvu ya injini. Likitetemeka sawa kwenda na kurudi, rudi kwenye magurudumu.

Kuna na hesabu ndogo inayosaidia sikio. Tairi la 195/65 R15 lina mzunguko wa karibu mita 2. Kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kila sekunde. Huo ni mtikisiko unaoweza kuuona kwenye chupa ya maji iliyojazwa nusu. Propela, kwenye difu (sanduku la gia la ekseli ya nyuma) yenye uwiano wa karibu 4, wakati huohuo inazunguka zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Hiyo huwezi kuiona wala kuihesabu, unaisikia kama nyuki sakafuni na masikioni. Mtu akiniambia gari lake "linatikisa", nafikiria tairi. Akiniambia "linanguruma mpaka miguu inawasha", nafikiria propela.

Usukani unacheza kati ya 80 na 110

Hapa ndipo yalipo magari mengi, na hapa ndipo pesa kidogo huponya zaidi.

Anza na udongo. Nasema kwa uzito kwa sababu nimeona watu wa Kibosho, Machame na Marangu wakinunua spea msimu wa masika kwa ajili ya tope. Udongo wa huku juu ni mzito na unanata. Ukiteremka nao mpaka barabara kuu, unajibana ndani ya rimu, upande ambao huuoni ukiosha gari, na ukikauka unakuwa kama tofali. Gramu 30 tu zilizoganda kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, kwa mwendo wa 100, zinavuta gurudumu kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 4, juu, chini, mbele, nyuma, mara 14 kwa sekunde. Na nguvu hiyo haipandi taratibu: mwendo ukiwa mara mbili, yenyewe inakuwa mara nne. Ndiyo maana kwenye 50 husikii kitu. Fungua gurudumu, kwangua ndani kwa mti au brashi, osha, jaribu tena. Maji yakija kwa nguvu sana hung'oa vile vizito vya kubandika, kwa hiyo tazama kama kuna alama ya gundi tupu mahali ambapo kizito kilikuwepo.

Kama rimu ni safi, kapige balansi. Na usikae kwenye benchi nje, simama karibu na mashine. Vizito vya zamani vitolewe vyote. Gurudumu likifungwa kwenye mashine lazima likae katikati, halafu baada ya kuweka vizito vipya lizungushwe tena mpaka mashine ionyeshe sifuri pande zote mbili. Wakati linazunguka, litazame kwa ubavu. Ukingo wa rimu ukicheza kulia na kushoto, au tairi likiruka juu na chini, hiyo sifuri ya mashine haitakusaidia. Gurudumu linaweza kuwa na uzito sawa pande zote na bado lisiwe duara. Matuta na mashimo yamepinda rimu nyingi kati ya Arusha na Moshi, hasa za alumini. Rimu ya chuma iliyopinda kidogo fundi anaweza kuinyoosha. Ya alumini iliyopinda sana au kupata ufa, iache.

Gari lililokaa uani miezi mingi lina jambo lake: tairi zinabonyea pale zilipogusa chini. Litatetemeka mwanzo wa safari na kutulia tairi zikipata joto. Likitetemeka vilevile kila asubuhi baada ya wiki mbili za kutembea, tairi hazijirudishi tena.

Njia rahisi ya kumkamata mkosaji bila mashine ni kuhamisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma. Mtetemo ukitoka kwenye usukani ukahamia kwenye kiti, umeshajua ni magurudumu yapi. Ukibaki kwenye usukani, tatizo liko kwenye habu, beringi, diski au usukani wenyewe.

Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, watu wanaitaja haraka mno. Inarekebisha gari linalovuta upande mmoja na tairi zinazolika vibaya. Mtetemo wa mwendo kasi haiponyi. Ifanye baada ya kubadilisha tairodi, usiilipie ukitegemea usukani utatulia.

Beringi na vitu vilivyolegea

Inua gurudumu kwa jeki na uweke stendi. Kama huna, laza gurudumu la akiba chini ya ubavu wa gari ili likianguka lisikufikie chini kabisa. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, ni beringi ya habu au boljoint. Shika kushoto na kulia, litikise. Likicheza hapo tu, ni tairodi au reki ya usukani. Lizungushe kwa mkono ukishika springi kwa mkono mwingine: beringi iliyokufa unaisikia inakwaruza kupitia springi. Barabarani, beringi hunguruma, na ngurumo hubadilika kwenye kona. Ukikata kulia gari linalalia kushoto, kwa hiyo ngurumo ikizidi hapo, tazama beringi ya kushoto.

Likitetemeka ukikanyaga breki tu

Hiyo ni diski karibu kila mara. Usukani ukicheza, diski za mbele. Kiti kikicheza, za nyuma. Anayeteremka kutoka Marangu mpaka Himo na mguu kwenye breki muda wote, badala ya kuweka gia ndogo, anazichoma.

Lakini kabla ya kununua diski mpya, fahamu kipimo. Diski inatakiwa iyumbe isizidi karibu milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi. Kutu kidogo kati ya diski na habu inatosha kuvuka kipimo hicho, na diski mpya ikifungwa juu ya kutu hiyo itatetemeka vilevile. Safisha habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Unene wa chini unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe. Ikikaribia hapo haikerezwi, inabadilishwa.

Kuna mtetemo wa breki unaodanganya: unatoka vizuri Moshi, ukifika Usa River gari linaanza kutetemeka hata bila kukanyaga breki na gurudumu moja linanuka. Kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) imeshika, haiachii. Simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Lenye joto kuliko mengine ndilo.

Likitetemeka ukivuta tu

Kwa gari la kuvuta mbele, kama IST, Corolla au RAV4, drafti shafti ina kiungo cha ndani karibu na giaboksi. Kikilika, gari linayumba kushoto kulia ukikanyaga mafuta mlimani, ukiachia linatulia. Kiungo cha nje kikifa chenyewe hugonga ka-ka-ka ukikata kona kali. Kagua raba zake: zikichanika, grisi inatapakaa ndani ya rimu na vumbi linaingia. Raba ikibadilishwa mapema inaokoa shafti nzima.

Propela, kwa wenye Mark II, Chaser, Hilux na Hiace

Mtetemo ukikaa sakafuni na kiti, ukapanda na mwendo wa gari bila kujali gia, lala chini utazame propela. Tikisa kila krosi (kiungo cha propela) kwa mkono. Isicheze hata kidogo, na isiwe na vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake. Krosi iliyokauka mara nyingi hugonga ukiweka D au R. Senta beringi (inayoshikilia propela katikati) ina raba inayoizunguka, nayo ikichanika propela inakosa mahali pa kutulia. Tazama pia vile vipande vidogo vya bati vilivyochomelewa kwenye bomba. Ndivyo vizito vyake, na kikidondoka kimoja inabaki alama. Lami ya kuzuia kutu ikipuliziwa chini ya gari ikadondokea propela, nayo ni uzito ulioongezwa upande mmoja.

Kosa linaloumiza zaidi ni la kuifungua bila alama. Propela iliunganishwa na kupigwa balansi ikiwa nzima. Ikirudishwa imegeuzwa nusu mzunguko, au vipande vyake viwili vikaunganishwa vibaya hata krosi zisikae kwenye mstari wake, gari lililoingia gereji kwa ajili ya klachi litatoka na mtetemo ambao halikuwa nao. Mwambie fundi, kwa heshima lakini kabla hajashika spana, aweke alama ya rangi kwenye kila kiungo. Kama mtetemo ulianza baada ya kazi ya klachi, giaboksi au difu, anzia hapo.

Injini ni rahisi kuitenga. Gari likiwa limesimama kwenye N, pandisha mzunguko mpaka ule uliosoma barabarani wakati linatetemeka, tuseme 3,000. Likitetemeka limesimama, angalia mauntingi, plagi na koili. Likitulia, iache injini.

Tundu la katikati

Gari langu lilijibu maswali yote ya mzee kwa njia moja: usukani, 90 mpaka 110, kwenda na kurudi sawa, breki hazihusiki. Magurudumu. Lakini balansi ilikuwa imepigwa mara mbili, na mashine ilisoma sifuri mbele ya macho yangu.

Mzee akafungua gurudumu la mbele kushoto, akaniambia nitazame kati ya habu na tundu la katikati la rimu ilipokuwa imekaa. Nafasi ikawepo pande zote. Rimu hizo za urembo zilifungwa na aliyeniuzia gari. Habu ya Mark II ina kipenyo cha milimita 60.1, tundu la rimu zile lilikuwa 73.1, saizi inayotengenezwa ili ziingie kwenye magari ya aina nyingi. Kwenye mashine ya balansi rimu inashikwa kwa koni kupitia tundu la katikati, kwa hiyo inasoma sawa. Kwenye gari langu tundu halikugusa kitu, na rimu ilikaa popote nati zilipoisukuma. Na nati zilikuwa zinakazwa kwa mashine ya upepo, gari likiwa tayari limeshushwa chini, uzito wote umelalia upande mmoja.

Hakuniambia ninunue kitu. Aliinua gari, akakaza nati kwa mkono moja moja kwa kurukia upande wa pili, huku anatikisa gurudumu likae lenyewe, kisha akamalizia kwa spana. Akafanya hivyo manne yote. Nikaenda mpaka njia panda ya KIA na kurudi: mtetemo ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Ushahidi ukapatikana bila shilingi kutoka.

Dawa ilikuwa pete nne za alumini, nje 73.1, ndani 60.1, nilizokerezewa Majengo. Wenye Corolla na IST habu yao ni 54.1, kwa hiyo pima ya kwako kabla ya kuagiza. Tazama na nati. Rimu nyingi za alumini za Toyota za zamani zinataka nati yenye shingo na washa bapa, za chuma zinataka nati yenye mdomo wa koni. Ukizichanganya, gurudumu halikai sawa hata ukikaza kwa nguvu zote. Na nguvu zote si kipimo: Toyota ndogo nyingi zinataka Nyutoni mita 103, na kuna spana ya kupimia hiyo.

Sasa ni mwaka wa pili tangu nizifunge. Kwenye 100, maji ndani ya chupa yametulia. Kila magurudumu yanapofunguliwa nafuta kutu kwenye habu na kupangusa pete, na nikiwaachia vijana wa pancha kazi, nahesabu pete nne kabla gari halijashushwa kwenye jeki.